Usugu wa Magugu kwa Viuagugu: Unavyojengeka Shambani na Namna ya Kuuzuia Hatua kwa Hatua

Mkulima anyunyizapo kiuagugu kilekile kilichomfaa kwa miaka mingi, kisha akaona magugu ya aina moja yamesimama mabichi katikati ya mengine yaliyokauka, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ameuziwa dawa bandia, na la pili ni kuongeza kipimo. Wazo la kwanza huenda likawa kweli, na hapa chini nitaeleza namna ya kulithibitisha au kulikanusha kwa jaribio analoweza kulifanya mwenyewe. La pili ndilo la kuogopwa, kwa sababu humfanya aendelee kuyachuja magugu yake kwa dawa ileile na kuacha yale tu yasiyoiogopa. Mwongozo huu unaeleza jinsi usugu unavyojengeka, namna ya kuutambua, na hatua za kuchukua kabla na baada ya kuugundua.

Dawa haiuumbi usugu, bali huuchagua

Watu wengi hudhani kwamba magugu "huizoea" dawa kadiri yanavyonyunyiziwa. Sivyo. Gugu moja moja haligeuki kuwa sugu kwa kuguswa na dawa; ama limezaliwa na uwezo wa kustahimili au limezaliwa bila uwezo huo. Katika kila kizazi cha mimea hutokea makosa madogo ya kunakili jeni, na baadhi ya makosa hayo, kwa bahati tu, humpa mmea kinga dhidi ya kemikali fulani hata kama kemikali hiyo haijawahi kufika shambani. Mimea ya namna hiyo ni michache mno, pengine mmoja kati ya maelfu mengi au hata mamilioni, na bila dawa haina faida yoyote juu ya wenzake. Dawa inapopita, hesabu hubadilika.

Ni vizuri kuitazama hesabu hiyo kwa tarakimu, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini tatizo huonekana kuzuka ghafla. Chukua shamba ambalo gugu moja kati ya 1,000,000 ni sugu, na dawa inayoua asilimia 95 ya magugu ya kawaida. Mwaka wa kwanza, katika kila magugu milioni, hubaki gugu sugu 1 na magugu ya kawaida 50,000 yaliyoponyoka. Yote yakizaa sawasawa, mwaka wa pili uwiano ni 1 kati ya 50,000. Mwaka wa tatu ni 1 kati ya 2,500. Mwaka wa nne ni 1 kati ya 125. Mwaka wa tano ni takriban 1 kati ya 7. Na mwaka wa sita magugu matatu kati ya manne ni sugu. Sasa tazama kile anachokiona mkulima. Mwaka wa nne bado dawa inaua karibu asilimia 94, na kwa macho haiwezekani kutofautisha hiyo na 95 ya mwanzo. Mwaka wa tano inaua kama asilimia 82, naye anasema mvua haikuwa nzuri. Mwaka wa sita inaua chini ya robo. Mbegu za zamani zilizolala ardhini hupunguza kasi hii katika mashamba halisi, lakini mwenendo wake haubadiliki: sehemu kubwa ya safari ya usugu hupitwa ikiwa haionekani kabisa.

Historia inalingana na hesabu hiyo. Mwaka 1957 karoti-mwitu isiyokufa kwa kiuagugu kiitwacho 2,4-D iliripotiwa Ontario, Kanada. Mwaka 1968, katika kitalu cha miche jimboni Washington, Marekani, gugu liitwalo Senecio vulgaris liligundulika haliuawi tena na simazini na atrazini, baada ya kunyunyiziwa dawa hizo kwa takriban miaka kumi mfululizo. Dawa ya klorisulfuroni iliingia sokoni mwaka 1982, na kufikia 1987 magugu sugu kwake yalikwisha kupatikana. Glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ilidumu zaidi kiasi kwamba baadhi ya wataalamu waliamini usugu kwake hautatokea kwa urahisi. Mwaka 1996 nyasi za Lolium rigidum huko Australia ziliwakosoa. Leo spishi za magugu zilizothibitishwa kuwa na usugu kwa dawa moja au zaidi ni zaidi ya 250.

Njia mbili ambazo gugu huponyokea

Viuagugu vingi hufanya kazi kwa kuingia katika kimeng'enya kimoja ndani ya mmea (protini inayoendesha kazi fulani ya uhai wake) na kukizuia, kama ufunguo usio wake unavyokwama katika kufuli. Njia ya kwanza ya usugu ni kubadilika kwa kufuli lenyewe: badiliko la asidi ya amino moja tu, yaani kipande kimoja kidogo kinachojenga kimeng'enya hicho, laweza kuifanya dawa isishike tena, ilhali kimeng'enya kinaendelea na kazi yake. Usugu huu aghalabu ni mkali, na hata kipimo mara kumi huenda kisiue. Kuna namna nyingine ya njia hii ambayo mimi huiona ya kustaajabisha: mchicha-pori wa Marekani uitwao Amaranthus palmeri haukubadilisha kufuli, bali uliongeza idadi ya nakala za jeni inayokitengeneza kimeng'enya kinacholengwa na glifosati, katika baadhi ya mimea zaidi ya mara 100, hata dawa ikawa haitoshi kuvizuia vimeng'enya vyote.

Njia ya pili ni kuizuia dawa isifike mahali pake. Gugu huivunjavunja kwa vimeng'enya vyake vya kusafisha sumu, au huifungia katika vifuko ndani ya seli, au huibakiza kwenye majani yaliyonyunyiziwa bila kuipeleka kwenye mizizi na vichipukizi. Hii ndiyo njia ya kuhofiwa zaidi, kwa sababu vimeng'enya vinavyovunja dawa moja huweza kuvunja na nyingine ya kundi tofauti kabisa, yaani inayoshambulia mahali pengine ndani ya mmea, hata ile ambayo mkulima hajawahi kuinunua. Tena usugu wa namna hii mara nyingi hutokana na jeni kadhaa zenye nguvu ndogo ndogo, na hapo ndipo madhara ya kipimo pungufu yanapoonekana: dawa iliyopunguzwa huacha hai mimea yenye kinga ya kiasi, mimea hiyo hupeana chavua, na watoto wao hukusanya kinga za pande zote mbili. Majaribio yaliyofanywa kwa Lolium rigidum yameonyesha kwamba vizazi vichache tu vya vipimo vya chini vinatosha kuzaa usugu wa wazi.

Yafaa pia kutenganisha usugu na ustahimilivu wa asili. Nyasi haziuawi na 2,4-D kwa kipimo cha kawaida, wala hazikuwahi kuuawa nayo. Huo si usugu. Usugu ni pale spishi iliyokuwa ikifa kwa kipimo cha lebo inapoacha kufa, na sifa hiyo ikarithiwa na mbegu zake.

Hatua ya kwanza: kagua unyunyiziaji kabla ya kulishutumu gugu

Kushindwa kwa dawa kwa sehemu kubwa hutokana na unyunyiziaji. Jiulize: je, magugu yalikuwa makubwa kuliko lebo inavyoruhusu? Yalikuwa yamenyauka kwa ukame, au yamefunikwa na vumbi? Mvua ilinyesha kabla ya muda uliotajwa kwenye lebo kwisha? Maji yalikuwa ya tope? Glifosati hung'ang'ania chembe za udongo na kupoteza nguvu, kwa hiyo maji ya dimbwi huidhoofisha, na maji magumu yenye kalisi nyingi huidhoofisha vilevile. Je, nozeli zilikuwa zimechakaa au kuziba? Na je, magugu unayoyaona yaliguswa kweli na dawa, au yameota baada yake?

Kisha soma alama za shambani. Mistari mirefu iliyobaki kijani kwa kufuata njia ya mnyunyiziaji ni kosa la bomba. Magugu ya kila aina yaliyobaki hai kwa pamoja ni kosa la dawa, kipimo au hali ya hewa. Lakini ikiwa spishi moja tu imebaki ilhali nyingine zinazotajwa kwenye lebo zimekufa, ikiwa mimea iliyo hai ya spishi hiyo imesimama bega kwa bega na mimea iliyokufa ya spishi hiyohiyo na ya kimo kilekile, na ikiwa inaonekana kwa mabaka yanayopanuka kila msimu, basi pana sababu nzuri ya kushuku usugu. Shaka huongezeka kama dawa ya kundi hilo imetumika miaka mitatu au zaidi bila kubadilishwa.

Hatua ya pili: fanya jaribio la vyungu

Maabara yakiwepo, peleka mbegu huko. Yasipokuwepo, jaribio hili litakupa jibu la kutosha kwa uamuzi wa shambani. Kusanya mbegu zilizokomaa kutoka kwa magugu yaliyonusurika, ikiwezekana kutoka mimea 20 au zaidi, uziweke katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa katika plastiki huota ukungu, kisha uziandikie tarehe na mahali. Kusanya pia mbegu za spishi hiyohiyo kutoka mahali pasipowahi kunyunyiziwa dawa, kama vile ukingo wa njia ulio mbali au ardhi isiyolimwa. Fungu hili la pili ndilo fungu lako la kulinganishia, na bila hilo jaribio halina maana yoyote. Mbegu za magugu mengi hulala kwa muda baada ya kukomaa, kwa hiyo usishangae zikikawia wiki au miezi kabla ya kukubali kuota.

Panda kila fungu katika vyungu au makopo yenye udongo uleule, mimea mitano hadi minane kwa kila chungu. Ikifikia majani mawili hadi manne, nyunyizia kwa viwango vitano: bila dawa, nusu ya kipimo cha lebo, kipimo kamili, mara mbili, na mara nne, kila kiwango kikiwa na vyungu vitatu au vinne vya kila fungu. Vaa glavu na kinga ya macho, na fanya kazi hiyo mbali na mazao, watu na mifugo. Viwango vya juu ni vya vyungu tu, kamwe si vya shamba. Kagua siku ya 7, ya 14 na ya 21, ukihesabu mimea iliyo hai na ile inayochipua upya.

Majibu husomeka hivi. Mimea ya fungu la kulinganishia ikifa kwa dozi kamili na ile ya shambani ikabaki hai, una usugu. Mafungu yote mawili yakibaki hai, dawa ni mbovu, ni bandia, au imepimwa vibaya, na hapo ile shaka juu ya muuzaji inapata ushahidi. Mafungu yote mawili yakifa, kosa lilikuwa katika unyunyiziaji wako. Na ikiwa magugu ya shambani yanapona kwa nusu ya kipimo ilhali ya fungu la pili yanakufa, usugu umeanza, nawe umeuwahi ukiwa bado mchanga.

Hatua ya tatu: zuia mbegu za msimu huu

Usisubiri majibu ya jaribio ndipo uanze hatua hii. Magugu yaliyonusurika yang'olewe kwa mkono au jembe kabla hayajachanua, na kama yameshatoa mbegu, yatolewe shambani ndani ya magunia na kuchomwa. Usiyarundike ukingoni, wala usiwape mifugo, kwa sababu mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani na samadi. Usirudie kunyunyizia dawa ileile: utaua yale machache ya kawaida yaliyosalia, na kuyaachia uwanja yale sugu.

Umuhimu wa hatua hii hupimwa kwa uzazi wa magugu. Mmea mmoja wa kike wa Amaranthus palmeri huweza kutoa mbegu laki kadhaa. Nimeona wakulima makini wakiacha mabaka mawili matatu kwa kuona ni madogo mno kuwasumbulia vibarua, na kwa maoni yangu hakuna kazi ya palizi yenye faida kubwa kuliko hiyo ya kuyamaliza mabaka madogo. Safisha pia majembe, matrekta na mashine za kuvunia kabla ya kuhama kutoka shamba lenye tatizo kwenda jingine, na anza kuvuna mashamba safi kwanza.

Hatua ya nne: jua namba ya kundi, si jina la biashara

Kubadilisha chupa si kubadilisha dawa. Bidhaa mbili zenye rangi, kampuni na majina tofauti huweza kuwa na kiambato (kemikali yenyewe inayoua) kilekile, na viambato viwili tofauti huweza kushambulia kimeng'enya kilekile. Kamati ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupisho HRAC imeyapanga makundi hayo kwa namba, na namba huandikwa kwenye lebo za nchi nyingi. Glifosati ni kundi la 9. Atrazini ni la 5. 2,4-D ni la 4. Nikosulfuroni na metsulfuroni ni la 2. Haloksifopu na fluazifopu, zinazoua nyasi pekee, ni la 1. Glufosinati ni la 10. S-metolaklori ni la 15. Mesotrioni ni la 27. Lebo za zamani huenda zikawa na herufi badala ya namba, kwa kuwa mfumo ulibadilishwa mwaka 2020. Makundi ya 1 na 2 yana rekodi mbaya ya kuzaa usugu haraka, hivyo yasitegemewe peke yake hata kwa misimu miwili mfululizo.

Hatua ya tano: toa kipimo kamili, na ukihakikishe kwa maji

Kusoma kipimo kwenye lebo hakutoshi kama hujui bomba lako linamwaga kiasi gani. Pima eneo la mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100. Jaza bomba maji matupu kwa kiasi unachokijua, nyunyizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2. Hekta moja ina maeneo 100 ya namna hiyo, kwa hiyo unatumia lita 200 kwa hekta, na bomba la lita 16 litafika mita za mraba 800. Ikiwa lebo inataka lita 3 za dawa kwa hekta, bomba hilo linahitaji mililita 240. Kila mtu anayenyunyizia apimwe peke yake, kwa maana miguu ya watu haina mwendo mmoja, na upimaji urudiwe kila nozeli inapobadilishwa.

Nyunyizia magugu yakiwa machanga. Kipimo kinachoua gugu la majani manne huweza kuwa kipimo pungufu kwa gugu la kimo cha goti, na hivyo kuchelewa kwa wiki mbili huleta madhara yaleyale ya kupunguza dawa kwa makusudi.

Hatua ya sita: changanya makundi kwa masharti

Gugu likihitaji kuwa na kinga mbili kwa wakati mmoja ili liponyoke, nafasi yake ya kuwepo hupungua mno: kama kinga moja ni 1 kati ya milioni na nyingine ni hivyohivyo, zote mbili pamoja ni 1 kati ya milioni milioni. Ndiyo maana kuchanganya dawa za makundi mawili huchelewesha usugu kwa kawaida kuliko kuzipokezanisha mwaka hadi mwaka. Hata hivyo hesabu hiyo ni sahihi tu pale kila dawa katika mchanganyiko inapoliua gugu hilohilo, kila moja ikiwa kwa kipimo chake kamili, na gugu likiwa bado halijawa sugu kwa mojawapo. Kuchanganya dawa ya majani mapana na ya nyasi kunasafisha shamba lakini hakuzuii usugu, kwa maana kila gugu linapambana na dawa moja tu. Baadhi ya michanganyiko hudhuru: 2,4-D huweza kupunguza nguvu ya dawa za kundi la 1 juu ya nyasi. Fuata lebo zote mbili, na kama haziruhusu, acha. Dawa inayowekwa kwenye udongo kabla magugu hayajaota, ikifuatiwa na ya kundi jingine baada ya kuota, ni mpango mzuri. Nao ule usugu wa kuvunjavunja dawa huweza kuyashinda makundi yote mawili, kwa hiyo mchanganyiko hautoshi bila hatua inayofuata.

Hatua ya saba: pigana na mbegu kwa njia zisizo za dawa

Gugu sugu kwa dawa halina usugu kwa jembe, kivuli wala moto. Kabla ya kupanda, andaa shamba mapema, acha magugu yaote kwa mvua za kwanza au maji ya kumwagilia, kisha yaue kwa kukwangua juu juu bila kuufukua udongo wa chini. Panda kwa nafasi finyu inayoshauriwa ili zao lifunge kivuli haraka. Tandaza mabaki ya mimea. Badilisha mazao ili nyakati za kupanda, kupalilia na kuvuna nazo zibadilike. Mbegu ndogo zikifukiwa kwa kina cha zaidi ya sentimita 10, nyingi hushindwa kutokeza, kwa hiyo kulima kwa kina mara moja kunasaidia, mradi usirudie mwaka unaofuata na kuzipandisha tena. Wakati wa kuvuna, pura juu ya turubai na uondoe makapi. Huko Australia, wavunaji wa nafaka hufunga kwenye mashine zao kinu kinachosaga makapi pamoja na mbegu za magugu zilizomo, kwa sababu Lolium rigidum hubaki na mbegu nyingi kwenye suke hadi siku ya mavuno.

Kazi hii inahitaji kudumishwa kwa muda gani? Inategemea spishi. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa za mbegu huko Michigan, Marekani, ili kuona zitadumu hai kwa muda gani, na chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu za gugu liitwalo Verbascum zilizoota. Lakini huo ni mfano wa kupindukia. Nyasi nyingi za mwaka mmoja hupoteza sehemu kubwa ya akiba yao ardhini katika miaka 2 hadi 4, ikiwa hakuna mbegu mpya inayodondoka.

Hatua ya nane: andika, na upime tena kabla ya kuirudia dawa

Kwa kila kipande cha shamba andika tarehe, zao, kiambato, namba ya kundi, kipimo, hali ya hewa, na magugu yaliyobaki wiki tatu baadaye. Chora mabaka kwenye ramani hata ya mkono. Mkulima akiacha dawa iliyoshindwa kwa miaka michache, asidhani usugu umekwisha wenyewe. Usugu wa atrazini uliobadilisha kufuli hudhoofisha mmea kiasi, na hivyo hupungua dawa isipotumika. Usugu wa dawa za kundi la 2 mara nyingi haugharimu mmea chochote cha kuonekana, nao hubaki. Kwa hiyo, kabla ya kuirudisha dawa hiyo shambani, kusanya mbegu upya kutoka palepale palipokuwa na mabaka, urudie jaribio la vyungu pamoja na fungu la kulinganishia. Ikiwa hata mimea michache inapona kwa kipimo kamili, dawa hiyo isitegemewe tena kwa gugu hilo katika shamba hilo.